Nimefuta Kanda ya Mume Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla Jumapili ya mwisho wa mwezi haijafika, maana ikinikuta sijajua la kusema nitaumbuka ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nina miaka kumi na tisa kwenye ndoa, nafanya kazi Mtumba, naishi mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma na mume wangu, tumwite Masudi, ana duka la vifaa vya umeme, hanywi, hapigi, watu wote wananiambia nimepata, lakini ana kabati la kanda za kaseti zaidi ya mia tatu, za dansi, za taarabu, nyingine za harusi za watu hata asiowafahamu, anazipangusa vumbi moja moja kwa kitambaa cha miwani, na akikuta iliyolegea anaikaza kwa kalamu ya biki, taratibu, kama anamlisha mtoto uji, na mimi nimekaa hapo pembeni kichwa kinaniuma wala hajui. Nilimnunulia spika ya kuunganisha na simu, nikamwekea na bando, nikamwambia nyimbo zako zote zimo humu, akasema ahsante mama, akaiweka juu ya friji, na mpaka leo iko huko na kopo la majani ya chai.

Hayo ningeyavumilia, mshauri, kanda haipaki wanja, ila mwaka jana akaingia Sabiha, na jina lake nalitaja kwa sababu simwogopi, mjane wa Kondoa anayeuza vitenge hapa mjini, naye anakusanya kanda, basi kila Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja na kikapu chake, mlango wazi, mtandio kichwani, hata kosa la kumkamatia huoni, wanasikiliza upande wa kwanza mpaka uishe, wanageuza, na ikifika mahali fulani wanacheka wote wawili kabla kitu chenyewe hakijatokea, kwa sababu wanakijua, na mimi niliyeleta juisi ndiye nisiyejua. Nimeona wivu mpaka chakula kimekuwa hakipiti.

Sasa wiki iliyopita nikamsikia Masudi anamwambia kwenye simu, "Jumapili tutasikiliza ile yetu ya Kondoa." Yetu! Jumamosi alipokwenda dukani nikaitafuta, nikaikuta nyuma kabisa, imeandikwa kwa mwandiko wa kike, "Kondoa, usifute," na vile vijipande vya plastiki mgongoni vimevunjwa ili isirekodiwe tena, lakini mimi nimekulia na redio kaseti, nikaziba matundu kwa selotepu, nikabonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja, nikaiacha izunguke nusu saa nzima mpaka upande ukaisha, huku nafagia na kumsema Sabiha peke yangu kwa maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika, kisha nikabandua selotepu nikairudisha mahali pake.

Sikuisikiliza kabla. Hata sijui nimefuta nini. Nilidhani nikishaifuta nitapoa, na sijapoa. Niitupe niseme imepotea, ninyamaze, au nimwambie?

Mama wa Kikuyu, Dodoma

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mama wa Kikuyu. Nianze na pole, halafu ukae vizuri maana nitakusema.

Pole, kwa sababu hujazua. Mumeo anacheka na mtu mwingine sebuleni kwako na wewe unapita na sinia. Hilo linauma, na asiyeliona ni yeye. Baba Masudi, kama gazeti hili linafika dukani kwako, mke haambiwi ahsante akawekwa juu ya friji pamoja na spika yake.

Sasa wewe. Uliposema selotepu nilicheka, nakiri, maana vijana wa leo hawawezi kufanya kosa hilo hata wakitaka. Mimi nilimfutia marehemu baba mawaidha ya sheikh wake nikarekodi taarabu juu yake, na fimbo zake nazikumbuka mpaka leo. Kwa hiyo tunaelewana. Wimbo wa kwenye simu ukiufuta asubuhi, mchana unaupata vilevile, ndiyo maana hakuna anayeuandikia "usifute". Kanda ni ile moja. Watu hawakusanyi kwa kukosa bando, mama. Wanakusanya kwa sababu kitu kinachoweza kupotea kinataka mtu wa kukilinda. Wewe ulilijua hilo vizuri, vinginevyo ungevunja spika. Hasira hasara, na hasara hii hujui hata ukubwa wake.

Halafu wivu wako umebisha hodi nyumba siyo. Sabiha hujamkuta na kosa, umesema mwenyewe. Kinachokuchoma ni kwamba wao wanajua mahali pa kucheka na wewe hujui. Haya, kanda mia tatu, miaka kumi na tisa: umeketi ukasikiliza ngapi mpaka mwisho?

Usiitupe. Ukiitupa utakuwa umeongeza uongo juu ya wivu. Mwambie Masudi leo akirudi kutoka dukani, asije akaligundua mbele ya mgeni. Sema, "Nimeifuta, nilikuona wewe na Sabiha nikashikwa na wivu," uishie hapo. Usianze na habari za spika. Akinuna siku tatu mwache anune, ana haki. Kama kanda ilitoka kwa Sabiha, naye umwombe radhi, tena kwa mdomo wako, usimtume mumeo. Akishapoa ndipo useme la kwako: Jumapili unataka kiti, na juisi ataleta yeye.

La mwisho. Umefuta upande mmoja, na kanda ina pande mbili. Igeuzeni, mkae wawili, msikilize huo uliobaki mpaka mwisho, nawe ujue hiyo Kondoa ina nini. Kisha mpe na ule wa kwanza ausikie, maana redio ilikuwa inakurekodi wewe muda wote huo, matusi na ufagio vyote. Utaona aibu, vumilia. Katika kabati zima, hiyo ndiyo kanda pekee yenye sauti yako.