Uso Wanaoujua Kunguru

Jumatatu, 3 Novemba

Nyama tena asubuhi. Mabaki ya mbuzi kutoka jikoni. Nimeyakata vipande vidogo, nikayamwaga nyuma ya banda la takataka, nikasimama kando kama nilivyoagizwa. Kofia kichwani, ovaroli ya kijani. Kunguru wamekuja upesi kuliko jana. Wengine wanashuka kabla sijamaliza kumwaga.

Nyama haina dawa bado. Zuhura, yule dada wa ofisi ya wanyamapori aliyeitwa na hoteli, anasema wapewe safi kwanza wapate kuamini. Dawa baadaye. Kazi yangu wiki hii ni kuaminiwa.

Meneja alipita. Hataki wageni wa Krismasi wakute kunguru kwenye meza za ufukweni. Ndege hawa wanamnyang'anya mtu mkate mkononi. Akasema wakiisha, nitapata likizo niende nyumbani Krismasi. Alisema mbele ya Kahindi, mtunza bustani, kwa hiyo shahidi ninaye. Sijafika nyumbani tangu binti yangu Nafula ananyonya. Sasa anasoma chekechea.

Mgongo unauma. Nalala.

Alhamisi, 6 Novemba

Sasa wananifuata kutoka mlango wa jikoni. Kahindi, Mgiriama wa Ganze, ananicheka toka asubuhi. "Wafula, ushakuwa baba yao. Wabatize basi wapate majina."

Wapo wachache hawashuki. Wanakaa juu ya mivinje mpaka wenzao washibe, ndipo waje kudonoa makombo. Wamekonda, manyoya hovyo. Niliwaona wajinga. Chakula kipo chini na wao wako juu wanatazama.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo dawa. Zuhura aliichanganya mwenyewe, mikono ndani ya glavu. Mimi nikamwaga. Kofia ile ile, ovaroli ile ile. Walinijia hadi miguuni. Mmoja alikanyaga kiatu changu.

Sikupenda. Lakini nataka kufika nyumbani.

Jumanne, 11 Novemba

Dawa haiui papo hapo. Waliruka, wakaenda zao, wakafia mtini. Leo nimeokota kutwa nzima. Chini ya mivinje, juu ya paa, ndani ya mtaro, mmoja kwenye kiti cha mgeni. Nimejaza magunia, nimechimba shimo, nimefukia. Harufu imekataa kutoka mikononi hata kwa sabuni ya jikoni.

Waliobaki walikuwa juu wakipiga kelele. Nilidhani wanawalilia wenzao. Nikasimama kupumzika, nikainua macho. Hawakuwa wanatazama maiti. Walikuwa wananitazama mimi.

Kahindi akawaonyesha kwa jembe. "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Wale ndio wenyewe hasa."

Ijumaa, 14 Novemba

Tumeanza upya, nyama safi. Hakuna aliyeshuka. Nilisimama mpaka nyama ikakauka na sisimizi wakaingia.

Zuhura akaniambia niende ndani, Kahindi amwage. Wakashuka kwa Kahindi. Si wote, lakini walishuka. Nilipochungulia kwenye kona tu, mmoja akalia na wote wakapaa.

Zuhura akaketi kwenye ndoo akanieleza. Amesoma, lakini haongei kwa maringo. Zamani, anasema, kwenye majaa ya Mombasa, kunguru aliyewahi kushuka ndiye aliyeshiba. Aliyeshiba ndiye aliyelea makinda. Kwa hiyo ujasiri ulizaa ujasiri. Sisi tumekuja tumegeuza mambo. Wepesi wa kushuka tumewaua kwa siku moja. Wamebaki wazito. Hao ndio watakaotaga, na makinda watazaliwa na uzito ule ule. Hofu wasiyozaliwa nayo, mama zao watawafundisha.

Nikauliza nani amewapangia akili hiyo. Akasema hakuna aliyepanga. "Aliyekufa hazai, kaka. Ni hivyo tu."

Halafu akatikisa kichwa, akasema tulipotea mahali pamoja. Mtu mmoja hakutakiwa kuwalisha na yeye huyo huyo kuwawekea dawa. Sasa uso wangu wanaujua.

Nimefagia uwanja wote nikiwaza. Tumewachekecha kama mchele. Mawe ndiyo yamebaki kwenye chekeche.

Jumatano, 19 Novemba

Wamenifuata Kisauni. Wanalala kwenye minazi nyuma ya nyumba tunayopanga. Nikitoka chumbani wanapiga kelele, nikienda chooni wanapiga kelele. Majirani wameanza kuingiza watoto ndani nikipita.

Bi Mwanaisha, mwenye nyumba, alinisimamisha uani. Nikampa shikamoo. Marahaba ikatoka nusu.

"Mwanangu, hawa ndege wakuzomeani? Watu washaanza kusema, wallahi. Wasema hiyo si bure."

Nikamweleza yote, nyama, dawa, magunia. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Basi wakudai damu ya wenzao. Na wadai! Lakini wasidai juu ya nguo zangu nilizoanika."

Nimehamisha kamba ya nguo zake upande wa pili wa ua. Sasa wananyea zangu peke yake.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisani mchungaji alisoma juu ya uumbaji, kila kiumbe kwa aina yake. Sikuweza kusikiliza. Niliwaza kunguru wale wa juu. Kama Zuhura yuko sahihi, aina haijakaa tuli. Inasukumwa na kifo kama ng'ombe anavyosukumwa na fimbo. Sijui kama maneno hayo yanapigana na Biblia. Nimechoka, sitauliza.

Niliwaza pia kwetu. Sisi ndugu wanne. Mimi ndiye niliyekuwa na moyo, ndiye niliyetoka. Wengine waliogopa bahari, waliogopa joto, waliogopa watu wasiowajua. Wamebaki huko na watoto wamewazunguka miguuni. Mimi nina mmoja, na ananijua kwa sauti ya simu.

Nani alikuwa mjinga?

Jumamosi, 29 Novemba

Jambo jipya. Nilitumwa kusaidia kubeba meza ufukweni wakati wa chakula cha mchana. Kunguru walikuwa wamejaa ukutani wakisubiri. Nilipotokea tu, ukuta ukabaki mtupu. Nilikaa hapo saa nzima, hakuna hata mmoja aliyeshuka. Mama mmoja mgeni aliacha samaki wake wazi akaenda kuoga, akarudi akamkuta mzima.

Meneja aliona. Akaniambia nisirudi kule nyuma ya jikoni. Nisimame pale pale, nisishike chochote. Nimesimama hadi jioni. Kazi nyepesi kuliko zote nilizofanya Mombasa, na miguu inauma kuliko siku ya magunia.

Nimefurahi hata hivyo. Meza ni safi. Ahadi ni ahadi.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimeomba likizo. Nilivaa shati.

Meneja hakukasirika. Hilo ndilo baya. Alinikaribisha kiti, akaongea kama mtu anayenisifu. Tangu nisimame ufukweni hakuna mgeni aliyelalamika. Nikiondoka watarudi siku hiyo hiyo. Krismasi hoteli imejaa. Tutazungumza baada ya Pasaka.

Nikamkumbusha alisema wakiisha.

Akanyoosha kalamu dirishani. "Wafula, wameisha hao?"

Walikuwa kwenye mivinje, wamejaa. Hawajaisha. Wananiogopa tu.

Jumatatu, 8 Desemba

Kahindi ana moyo mzuri. Alikuja na shauri. Yeye avae ovaroli yangu na kofia yangu, asimame pale, kunguru wakidanganyika meneja hatakuwa na sababu. Tukajaribu kabla wageni hawajaamka. Mimi nikajificha stoo, naona kupitia mwanya wa mlango. Kahindi akasimama kama mimi hasa, bega moja chini. Mkononi ameshika chapati kuwapima.

Walinyamaza. Mmoja akashuka ukutani. Akapinda shingo, akamtazama chini ya kofia. Akaruka akaichukua chapati. Halafu wakashuka wote.

Wapishi waliokuwa mlangoni walicheka hadi machozi. Mmoja akapiga kelele, "Basi Wafula akatwe kichwa! Kichwa kibaki hapa, kiwiliwili kiende kwao Krismasi!"

Nikacheka nao. Baadaye sikucheka.

Kahindi amenirudishia kofia. Alikuwa ameipangusa.

Jumamosi, 13 Desemba

Leo nimejigundua. Chakula cha wafanyakazi, sima na nyama. Kila mtu amekaa anakula. Mimi sahani iko mbele yangu na nawatazama wenzangu wakimeza. Sijui nimeanza lini. Kahindi akauliza kama naumwa. Nikasema ni moto, nasubiri ipoe.

Hakuna aliyewahi kuniwekea kitu kwenye chakula. Ni kazi tu imeniingia mwilini.

Joto halipungui. Nguo hazikauki kwa jasho. Nesi wa duka la dawa ameniuzia dawa ya maumivu ya miguu.

Jumatano, 17 Desemba

Asubuhi nimefunga begi. Nguo mbili, kanga ya mke wangu Nekesa, gauni la Nafula nililonunua nikikisia urefu wake. Nilikuwa nimeamua. Niende kwanza, mambo ya kazi baadaye. Nimepita kumwambia meneja, nisionekane mtoro.

Alisema maneno machache. Niende, mlango uko wazi. Nisirudi.

Nikatoka na begi mpaka geti la wafanyakazi. Nje walikuwepo wale vijana wanaongoja kila siku kama kuna kibarua. Walikuwa wamechuchumaa kivulini mwa ukuta. Waliponiona na begi wakasimama wote pamoja. Hawakuniuliza kitu. Mmoja alikuwa tayari anachomekea shati.

Askari alishika kitasa akaningojea.

Nikaona mwaka ujao wangu pale ukutani. Nimechuchumaa nao, mzee kuliko wote, miguu mibovu, nikiruka kila geti likilia. Nikaona karo ya Nafula. Nikaona Nekesa akinipokea siku ya kwanza kwa furaha na siku ya kumi akinyamaza.

Nikageuka. Niliogopa. Sijui kuiita kwa jina lingine.

Begi nimeliacha stoo. Kabla ya wageni kukaa mezani nilikuwa nimeshasimama mahali pangu. Walipaa kama kawaida.

Zuhura alipita mchana kuhesabu viota. Aliliona begi, akajua. Nikamuuliza kama hofu ni aibu. Akasema watu wote tuliopo ni wajukuu wa watu walioogopa kwa wakati wake. Mashujaa wengi hawakuacha wajukuu. Alisema ili anitulize. Nikamwambia mimi nimeogopa na mtoto wangu yuko mbali vile vile. Amenishika bega, akaenda kwenye viota vyake.

Jumapili, 21 Desemba

Nimepiga simu ya video kuwaambia siji. Nekesa akasema, "Mimi nilijua. Mtoto ndiye hakujua."

Akamleta Nafula mbele ya simu. Amekuwa mrefu, jino la mbele limeng'oka. Alinitazama kidogo, akajificha nyuma ya mamake. Nekesa akamvuta, "Msalimie baba, ni baba huyu." Akachungulia kwa jicho moja. Nilimwita kwa jina. Sauti akaijua, akacheka. Lakini hakutoka nyuma ya kanga.

Gauni litamfika magotini. Nimelituma kwa basi.

Sikuweza kula.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Meneja amenipa shati jeupe na kiti. Ni mara ya kwanza kupewa kiti. Kimewekwa pembeni mwa meza, karibu na ukuta wa bahari, ninapoonekana vizuri kutoka kwenye mivinje.

Hoteli imejaa. Kamba, kuku, mikate, matunda yaliyokatwa, vyote wazi juani. Hakuna kilichoguswa. Mgeni mmoja, mzee mpole, alinisalimia akauliza nafanya kazi gani hapa. Nikamwambia nafukuza kunguru. Akatazama huku na huku, akasema haoni kunguru. Nikamwambia ndiyo.

Baada ya chakula cha mchana alishuka kinda. Mkia mfupi, ndani ya mdomo bado pekundu. Alitua ukutani, karibu nami kiasi cha kumgusa. Amezaliwa baada ya magunia yale. Alinitazama, hakuwa na habari yoyote juu yangu. Akafungua mdomo, akatikisa mabawa, kama aombaye kwa mzazi.

Sikutikisika. Nilizuia hata pumzi. Kwenye sahani ya mgeni aliyeondoka kulikuwa na kipande cha mkate. Ningeweza kukifikia. Nilitaka kumpa. Nilitaka akae.

Juu ya mivinje mamake akalia. Mara moja, kwa ukali. Kinda akamtazama mamake, akanitazama mimi tena, na safari hii alinitazama vizuri.

Akaruka. Vibaya, akipepesuka, kama yeyote anayeanza.

Wageni waliendelea kula. Upepo ukaanza kutoka baharini. Nimekaa pale mpaka meza zikaondolewa.