Oksijeni ya Mkono wa Kusini

Jumatatu, 4 Machi 2019

Makala imetoka. Nimeisoma nimesimama, koti mwilini, baiskeli sijaifunga. Oksijeni inayopanda kwenye ukingo wa galaksi! Jina la kwanza: Eildert Wiersum, profesa wangu. Kisha wengine wanne. Mimi niko mkiani, kwenye shukrani — "H. Hoekema, kwa msaada wa kuandaa data."

Msaada. Galaksi ile niliichagua mimi. Aliyepanda mlima wa kisiwa cha La Palma akakaa na darubini ni mimi. Kila mwanafalaki anajua: kwenye galaksi yenye mikono, oksijeni hujaa katikati, ambako nyota nyingi zimekwisha kufa na kuacha majivu yake, halafu hupungua kadiri unavyokwenda pembeni. Mimi ndiye niliyeona kwamba kwenye mkono wa kusini haipungui. Inapanda. Nilimwonyesha Wiersum kwa kidole changu hiki. Akasema, "Hapo umekosea hesabu, mwanangu."

Mwanangu! Nina miaka thelathini na tisa.

Atanijua.

Jumatano, 6 Machi

Jorrit, ninayekaa naye ofisi moja, anasema nikashtaki kwa mkuu wa taasisi. Nikamkumbusha kwamba mkuu na Wiersum wanateleza pamoja kwenye barafu tangu ujana wao.

"Basi, dada," akasema, "kesi ya nyani, hakimu ngedere." Akanipa pipi nyeusi ya chumvi. Kwake hiyo ndiyo dawa ya kila msiba.

Mchana nimefundisha mwaka wa kwanza. Sikumbuki nilisema nini.

Jumamosi, 9 Machi

Spektra mpya, yaani mwanga wa galaksi uliochambuliwa rangi kwa rangi, zimefika — zile nilizoziomba kwa jina langu mwaka jana, kabla Wiersum hajanitoa kwenye utafiti huu. Nikaenda moja kwa moja kwenye mkono wa kusini.

Salfa. Mstari wa salfa umesimama kama mnara wa kanisa.

Sikuamini. Nikaanza upya. Ni vilevile. Mstari mrefu hivyo una maana moja: mawingu yale ya gesi hayawaki kwa sababu ya nyota changa, kama tulivyodhani. Yamepigwa na mshindo wa nyota zilizolipuka. Wingu lililopigwa hivyo hudanganya hesabu zetu: huonekana limeshiba oksijeni, kumbe ni la kawaida tu. Nikayaondoa. Oksijeni ikateremka mpaka ukingoni, taratibu, kama kwenye galaksi nyingine yoyote.

Hakuna kupanda. Hakujawahi kuwa na kupanda.

Ameniibia kosa! Nimecheka peke yangu mpaka jirani kagonga ukuta.

Kisha nikakumbuka — siku ile aliponiambia nimekosea, alikuwa sahihi. Akaja kuniamini baadaye. Hilo sikulipenda. Nimepika viazi na sukumawiki, nikala nusu.

Jumanne, 19 Machi

Wiersum ndiye atakayefungua mkutano wa wanafalaki mjini Noordwijk. Watakuja Wadenmaki, Waswidi, Wajerumani, wote. Nimejiandikisha. Nitakaa mbele. Akimaliza, nitanyanyua mkono, niulize kwa upole: Profesa, salfa mmeitazama?

Nikamwambia Jorrit. Hakucheka.

"Mwambie sasa."

"Nikimwambia sasa atasahihisha, watu wamsifu kwa uadilifu."

"Na Marit je, mtafiti wetu mdogo? Jina lake limo kwenye makala. Mkataba wake unaisha Juni, Hiltje. Nani atamwajiri baada ya hapo?"

"Marit aliisoma ile makala kabla haijatoka. Angeweza kuuliza jina langu liko wapi. Hakuuliza."

Jorrit akavaa koti. "Unanoa panga la kuchinjia ng'ombe," akasema, "na bandani kuna vifaranga."

Lakini panga nimelinoa.

Alhamisi, 28 Machi

Kantini. Foleni ya supu ya njegere. Nageuka — Wiersum nyuma yangu, trei mkononi. Amekonda.

"Mwanangu, ngoja nikuulize," akasema, chinichini. "Ule mkono wa kusini. Unauamini bado?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lingetosha. Nikayatazama macho yake nikauona ule "msaada wa kuandaa data".

"Uko sawa, Profesa. Nenda kwa amani."

Akanishika bega. Akasema ahsante. Supu sikuigusa.

Ijumaa, 29 Machi

Upepo wa mbele njia nzima. Nimelifanyia mazoezi swali langu juu ya baiskeli, kwa sauti, mpaka mama mmoja mwenye mbwa akageuka kunitazama. Liko tayari.

Jumatano, 3 Aprili

Noordwijk. Naandika kwenye benchi nje ya ukumbi, mapumziko ya kahawa.

Wiersum alipanda jukwaani. Picha ya kwanza, majina. La kwanza: Hiltje Hoekema. Lake la mwisho.

Nikadhani macho yangu yananidanganya.

Akasema mbele ya watu wote kwamba ugunduzi huu ni wangu, kwamba jina langu liliachwa kwa aibu yake mwenyewe, na kwamba ameliandikia jarida libadilishe. "Nilimfundisha," akasema, "kisha nikamla." Watu wakapiga makofi. Marit alikuwa analia. Mimi nilisimama, nikainama, nikaketi. Ningefanya nini?

Kisha akaeleza mkono wa kusini, picha baada ya picha, vizuri kuliko nilivyowahi kuueleza mimi. Mwisho akasema: "Maswali, baada ya kahawa. Nitawaacha na Daktari Hoekema mwenyewe. Nilimuuliza juzijuzi, akanithibitishia."

Nimempigia Jorrit. Anaapa hajafungua mdomo. Basi ni nini — toba? Au ameziona spektra zile, anajua, na ameniachia jina pamoja na mzigo wake? Nimemtazama tangu alipoteremka. Anakula biskuti. Uso wa mzee anayekula biskuti, basi.

Sasa hivi mama mmoja Mdenmaki, mvi tupu, ameniletea kahawa ambayo sikuiomba.

"Hongera, binti. Kazi nzuri sana. Nina swali dogo tu la kiufundi, nitakuuliza ndani — ni juu ya salfa."

Kengele. Watu wanaingia. Marit ameniwekea kiti jukwaani, anakifuta kwa mkono wa sweta yake. Wiersum ameshika mlango, ananisubiri nipite.