Sahihi Chini ya Neno Saikolojia

Jumatatu, 13 Julai 1998. Mbinga.
Miaka thelathini na moja tangu nihame ziwani. Ukungu hadi saa nne. Nimeanika kahawa, nimekunywa uji, nimesoma kurasa kumi. Goti linauma.

Barua ya chuo kikuu imefika. Ni ya Editha, binti wa mdogo wangu Anselm, anayeishi kwangu tangu kidato cha kwanza. Amepata nafasi. Achague: uhasibu au saikolojia. Mzazi au mlezi aweke sahihi. Fomu itumwe kwa posta kabla ya mwisho wa mwezi.

Anataka saikolojia. Hakusita hata kidogo. Nimesita mimi.

Jumatano, 15 Julai.
Kamusi yangu ya zamani hailijui neno hilo. Nimemwandikia Anselm: ni elimu ya akili na tabia za watu, anakwenda kuisomea. Barua imeshuka kwake ziwani na lori la wachuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani.

Editha kauliza kwa nini sishuki mwenyewe, maana ni safari ya siku moja tu. Nikasema goti. Uongo.

Jumamosi, 18 Julai.
Jibu la Anselm. Anataka uhasibu. Wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa Mbinga, wote wanatafuta watu wa hesabu. "Kaka, vichaa hawaajiri mtu." Nimecheka, kisha nimekasirika.

Anataka nimpeleke Editha kijijini, wazee wakae kikao waamue. Nikiweka sahihi bila kikao, ukoo hautanihesabu tena. Hata kaburi langu pembeni ya mama, nilisahau.

Kikao. Mwaka 1967 nilikaa katika kikao kama hicho. Kandidus, wa kati yangu na Anselm, alikuwa ameacha kusema na watu. Alizungumza na ukuta. Wazee wakaamua afungwe. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, mwalimu kijana mwenye viatu. Sikusema kitu. Nilishika kamba, nikafunga. Alikufa kabla ya mvua. Nikaomba uhamisho.

Sijawahi kuandika haya popote.

Jumanne, 21 Julai.
Macho ya Anselm ni mabovu, kwa hiyo barua yangu alisomewa na katekista. Jumapili katekista akalitangazia kanisa zima. "Anakwenda kusomea" ikageuka "amesomea". Editha wa Anselm ni daktari wa vichaa, yuko Mbinga.

Saa saba mchana mlango ukabishwa. Mama mmoja wa Chiwanda, kijiji cha kule ziwani, ameshika kamba. Mwisho wa kamba, binti yake Ifijenia. Amejifungua Aprili, tangu hapo hasemi, hamshiki mtoto; kichanga wamekiacha nyumbani.

"Shikamoo mwalimu. Daktari yupo?"

Editha alikuwa anamenya viazi.

"Ndiye huyu? Mbona mtoto!"

"Shikamoo mama. Mimi si daktari. Hata chuo sijaanza."

"Hujaanza? Mbuzi wa watu amenikojolea njia nzima kwenye lori, halafu wewe hujaanza?"

"Wamekosea kutangaza, mama. Lakini karibuni. Mle kwanza."

Akaketi mkekani karibu na Ifijenia. Akamtajia jina lake. Hakumuuliza kitu. Muda mrefu. Mama mtu akachoka, akaanza kuwahesabu kuku wangu kwa sauti. Kisha Editha, bila kugeuka: "Baba mkubwa, fungua hiyo kamba."

Kamba ya nyavu. Fundo la kufungia mtumbwi. Fundo lilelile. Vidole vyangu vililijua kabla yangu. Nilifungua.

Ifijenia akanywa chai. Akasema, "Haina sukari."

Mama yake akalia kwa sauti.

Jumatano, 22 Julai.
Tumewapeleka hospitali. Muuguzi hakushangaa. Kasema ugonjwa huu huwapata kina mama baada ya kujifungua, na una matibabu. Una matibabu! Editha kamuuliza maswali mpaka akafukuzwa wodini. Kasimama dirishani, akaendelea kuuliza.

Ifijenia amelazwa. Hakufungwa.

Nitaweka sahihi.

Alhamisi, 23 Julai.
Nimeweka. Wino wa buluu, jina kamili, chini ya neno saikolojia. Nimemwandikia Anselm kwamba sitampeleka Editha kwenye kikao chochote. Nimeeleza na habari za Kandidus, mkono wa nani ulifunga. Safari hii nimeandika kwenye bahasha: katekista asisome.

Nilimsomea Editha kwanza. Akasema: "Ungenieleza zamani, baba mkubwa." Ndiyo. Ningemweleza zamani.

Jumapili, 26 Julai.
Anselm amekuja. Amezeeka kuliko mimi. Kaleta kapu la usipa, kalitua kwa nguvu.

"Mwanangu, vichaa hao watakulipa nini? Makopo?"

"Nitaajiriwa hospitali, baba. Au shuleni."

"Na wakikupiga?"

"Wewe umenipiga mara ngapi? Niko hapa."

Hata yeye alicheka. Baadaye, tukiwa wawili nje, akasema barua yangu alisomewa na mkewe. Kwamba siku zile alikuwa na miaka kumi na miwili, akimpelekea Kandidus maji kwa siri, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Uamuzi wa wazee haujabadilika. Ameutamka akiangalia chini: ukoo haunihesabu tena, na kaburi pembeni ya mama sina. Nikamwambia nimeelewa. Fomu hakuigusa. Hakuipinga pia.

Alhamisi, 30 Julai.
Fomu imepokelewa posta asubuhi. Nina risiti.

Ifijenia ametoka hospitali jana, na dawa zake. Editha ameshuka ziwani leo pamoja na Ifijenia na mama mtu, kumuaga mama yake mwenyewe na kumwona mtoto wa Ifijenia. Atarudi Jumatatu tumtafutie sanduku.

Nyumba kimya. Jua limetoka mapema. Nimegeuza kahawa mara mbili, haikuhitaji. Nimezungumza na mzee wa kanisa kuhusu nafasi yangu katika makaburi ya hapa Mbinga. Udongo ni mwekundu, hauna mchanga hata chembe.

Ziwani sitarudi.