Serah, Unangojwa Langoni

Bukura, Kakamega
2 Septemba

Kwa mwanangu Cleophas,

Mimi baba yako Osiako nina miaka sabini na tisa na meno yangu mengi bado yako. Machifu wanne wamekuja wakaenda nikiwa hapa. Kiwanda kilichochukua miwa yangu kimekufa, baiskeli tatu zimekufa, na yule daktari aliyeniambia niache tumbaku nisife, yeye ndiye alikufa. Mama yako pia amenitangulia, na hapo peke yake sikutaka kumshinda mtu.

Nakusalimu sana huko Qatar. Natumaini uko mzima na joto la huko halijakumaliza. Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Mahindi yamekauka vizuri, ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na goti langu linaniuma tu mvua ikikaribia, hata majirani wanakujanga kuniuliza habari ya mvua. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Niliachia shule darasa la nne, lakini mwandiko wangu ndio mwalimu alikuwa akiwaonyesha wengine. Mwalimu Sifuna ataipiga picha hii karatasi akutumie kwa simu. Nimemwambia asisome. Najua atasoma.

Sikutaka kukupigia kwa sababu simu inakatanga mtu katikati ya jambo, na pia kwa sababu mke wako, Mama Michelle, ameshakupigia. Ameshakwambia kwamba mzee amepoteza akili, anatafuta mtu aliyekufa, na kwamba Desemba watoto hawatakuja kukaa na mimi. Hilo la Desemba ndilo limenifanya nitafute kalamu. Sasa sikiliza upande wangu.

Vile ulivyopanga, mke wako Gentrix aliniita Nairobi likizo ya Agosti nitembee na watoto kwenye zile bustani za michezo. Siku ya kwanza tulienda mahali pa maji. Kuna vidimbwi vya buluu, na mabomba marefu kama mkaratusi, mtu anaingia juu na akili zake, anatokea chini akipiga kelele. Watoto wakasema Kuka hutaweza, wewe ni mzee. Babu akiambiwa hivyo mbele ya watu afanye nini? Nilipanda. Nilishuka. Kofia yangu ilishuka baadaye peke yake. Michelle, ambaye sasa ana miaka kumi na moja na mdomo wa shangazi yake, anasema nilipiga kelele kuliko watoto wote. Nilikuwa nikiimba.

Jioni tulikula chipsi tukiwa tumelowa, na Sellah, mdogo wake Michelle, akalala kwa mguu wangu. Nilifikiri mama yako angeonaje yale maji, yeye aliyebeba maji kichwani kutoka mtoni miaka yote na hakuwahi kuona mtu akiyachezea. Angenuna kidogo kwanza. Halafu angeingia.

Siku ya pili ndiyo ya maneno. Tulienda mahali pa bembea, na kuna moja kubwa ya kuzunguka, ukiwa juu unaona mji wote. Ndogo yake ilikujanga Kakamega wakati wa maonyesho ya kilimo. Nilipanda na mama yako kabla hatujakuzaa wewe. Kitambaa chake cha kichwa kilipeperuka kikaanguka kwa banda la ng'ombe, akacheka mpaka wenye bembea wakatuzungusha tena bure.

Sasa, hii ya Nairobi kila kiti kinachukua watu wawili. Kijana wa pale alitaka kunibana na Gentrix kiti kimoja na kutufungia na chuma. Mimi na mke wa mwanangu, magoti yakigusana, juu ya Nairobi nzima. Gentrix akarudi nyuma akiangalia chini, mimi nikarudi nyuma nikiangalia mawingu. Kijana akatuuliza kama tumegombana. Nikamwambia hatujagombana, tunaheshimiana. Hakuelewa, sijui wazazi wake walimfundisha nini. Sellah naye walimpima kwa mti wao wa kupimia urefu, hakufika. Basi Gentrix akapanda na Michelle, na mimi nikabaki chini nimemshika Sellah mkono.

Hapo karibu kulikuwa na nyundo kubwa ya mti na mlingoti wenye kengele juu. Unapiga chini, chuma kinapanda, na kama una nguvu kengele inalia. Vijana walikuwa wakipiga na kengele imenyamaza. Mmoja mwenye miwani ya jua akasema babu asogee asije akaumia. Cleophas, mimi nimekata miwa miaka thelathini. Nilimpa Sellah fimbo yangu ashike, nikatema mate mikononi, nikapiga. Kengele ikalia. Wakasema ni bahati, nirudie. Nikarudia, ikalia tena, wakapiga makofi. Nilipogeuka nimwonyeshe bibi yangu, fimbo ilikuwa imelala chini na yeye hayuko.

Unajua vile namwitanga Sellah. Alizaliwa baada ya sisi kumzika mama yako, akapewa jina lake, kwa hivyo yeye ni bibi yangu, mke wangu mdogo. Ananiita mzee wangu, na ananigombeza nikiingia nyumbani na matope kwa viatu. Ni mchezo wetu wa kila Desemba.

Nilikimbilia langoni, nikasema kichwani kwamba hapa hakuna mtu atatoka na yeye. Kando ya lango kuna kibanda cha spika, na ndani alikuwa msichana anaitwa Moraa, Mkisii mwenye sauti nzuri. Nikamwambia nimempoteza bibi yangu. Akaniuliza jina. Nikasema Serah.

Hapo ndipo kosa lilianza. Kitambulisho cha mama yako kiliandikwa Sellah, lakini ulimi wake haukuwahi kuishika hiyo l. Alijiita Serah mpaka akafa, na mimi nilimwita hivyo hivyo. Mtoto wako wamemzoesha shuleni Sellah, na ukimwita Serah hageuki, anafikiri ni mtu mwingine. Moraa akaniuliza kama bibi yangu ana simu. Nilimshangaa, nikasema simu ya nini. Akaniuliza amevaa nini, nikasema gauni ya njano. Akanicheka kidogo, akaniambia mzee nisijali, akina mama wakiona vitu vizuri wanasahau waume zao. Akashika spika. Alisema hivi, na sijasahau neno: Mama Serah Osiako wa Kakamega, popote ulipo, mzee wako anakungoja langoni. Hana hasira. Njoo mwende nyumbani.

Alisema mara tatu. Gentrix alisikia akiwa juu kwa bembea, jina la mama mkwe wake likitangazwa angani, na hakuweza kushuka mpaka mzunguko uishe. Alipofika mbio alimkuta Sellah karibu na lango, akiangalia treni ya watoto, na mimi nimeketi kwa benchi nikiangalia watu wanaotembea. Alichutama mbali kidogo, kwa heshima, akaniambia polepole kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, kwamba Baba, Mama alituacha, Baba unakumbuka tulimzika. Michelle alikuwa analia. Mimi nilikasirika nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka nyumbani kwenu, na kesho yake mpaka Kakamega. Kwa hivyo wamesema nimechanganyikiwa, na mimi sikuwakataza.

Sasa nakwambia lile sikumwambia Gentrix, kwa sababu mimi na yeye tunaheshimiana na kuna mambo hayapitii kwake.

Sijasahau kama mama yako alikufa. Nitasahauje? Yuko nyuma ya jikoni, na mimi ndiye ninamfyekeanga nyasi kila Jumamosi, sitaki mtu anisaidie. Moraa alipotangaza mara ya kwanza, kabla hajamaliza kusema nyumbani, nilimwona Sellah. Alikuwa kwa ile seng'enge ya treni, gauni ya njano, mzima kabisa, hatua chache tu kutoka pale nilipokuwa. Askari wa lango alikuwa karibu, anaitwa Khaemba, mtu wa Bungoma. Nilimwonyesha mtoto kwa kidole, nikamwambia kwa lugha ya nyumbani kwamba yule ndiye ninayemtafuta, asimame nyuma yake asimwache ahame, na mimi aniache kidogo. Akaenda akasimama.

Moraa akatoa kichwa dirishani akaniuliza kama mama amekuja. Nikamwambia bado. Akauliza aite tena. Nikasema aite.

Mwanangu, tangu tumzike watu wanatajanga jina lake kanisani tu, wakisema marehemu. Hakuna mtu alikuwa amemwita. Kumwita kama mtu ambaye amechelewa, ambaye amesimama mahali akipima kitambaa, na akisikia atakuja akilalamika kwamba nina haraka. Lile jina lilipita juu ya ile bustani yote, na watu wakageuka kumtafuta. Mama mmoja wa umri wake alipita na mwavuli, nikainuka. Nilijua si yeye, na nikainuka. Ndiyo maana aliitwa mara ya pili, na ya tatu. Kama Gentrix angechelewa kushuka, angeitwa ya nne.

Basi nimesema. Mkwe wangu aliogopa na alikuwa na haki ya kuogopa, mwambie hivyo, mwambie baba amesema. Lakini usiseme akili yangu imepotea, kwa sababu haijapotea, na usininyime Desemba. Huku hakuna mwingine wa kuniambia nivue viatu.

Michelle mwambie kuku wake wa madoa bado hajachinjwa. Gentrix mpe salamu zangu, na asante kwa safari. Wewe kula vizuri, na ukipumzika Ijumaa usilale mchana kutwa. Pascalia dada yako anakusalimu, na Sifuna ambaye sasa amesoma yote anakusalimu pia.

Ni mimi baba yako,
Osiako, mkata miwa

Kama unaona ninadanganya, wako wa kuulizwa. Muulize Khaemba askari kama sikumwonyesha mtoto mapema, na kama alimwacha hata kidogo. Muulize Moraa wa spika kama sikuwa nikiongea vizuri kama mtu mzima. Kuhusu kengele, waulize wale vijana. Na wa mwisho ni yule mwenyewe aliyeitwa, lakini huyo hutampata. Aliitwa mara tatu nikiwa pale pale langoni, na hakuja.