Kumbe Si Alsa

Tuwan, Jumanne usiku

Minyoo! Na mimi nimeacha maharagwe, nimeacha chai ya maziwa, hata pilipili nimeacha, kwa sababu mama mkwe kule Myanga aliniapia kwa simu kwamba tumbo hili linalonguruma na kujaa gesi ni alsa tu, vidonda vya tumbo.

Leo daktari wa zahanati alisoma majibu ya choo, kisha akaniuliza, "Mama, unakulanga udongo? Ama odowa?"

Nikasema hapana. Sijui kwa nini. Hayo mawe laini nilianza kuyatafuna nikiwa na mimba ya Nekesa, kama wanawake wengi hapa, na sasa Nekesa anaenda nasari. Mfuko wa odowa ulikuwa ndani ya mkoba, mkoba uko mapajani.

Akaniambia mayai ya minyoo hukaa kwenye udongo, na kwamba nyumba yote imeze dawa.

Nyumbani, mume wangu alicheka. "Ati minyoo? Si hiyo ni ya watoto, bana!" Kidonge chake bado kiko mezani. Kila nikikiangalia nasikia hasira, na bado tumbo lenyewe...

Nilikuwa nikimsogezea maji ya kumezea niliposikia mtu akitafuna kitu kigumu nyuma ya kochi. Nekesa. Mkoba wangu wazi, midomo yake imejaa vumbi.

Nilimshika mkono kwa nguvu. Hakulia. Alininyooshea mfuko.

"Si nimekuachia kubwa, mama."