Shangazi Afuta Jasho la Jazi

Ijumaa, Nsambya, Kampala

Shangazi Furaha ataniua kwa aibu, lakini hapa nacheka peke yangu.

Meneja wa baa ya Bugolobi alinionya tena: "Hapa ni jazi, si mambo ya Kongo." Nilitaka kumuuliza jazi yenyewe ilizaliwa na watoto wa nani. Badala yake nikapanda jukwaani. Nikapiga saksafoni, wateja wakasikiliza wametulia kama wako misani.

Ndipo shangazi, aliyekuja kunisikiliza, akainuka na kitenge chake, akacheza hadi jukwaani, akanifuta jasho usoni, kama wanavyofanyiwa wapiga muziki kwetu Bukavu, Kongo. "Piga, mwanangu! Baba yako alipiga hivi hivi."

Mpiga ngoma wetu, Mganda, akachangamka. Meza moja ikainuka kucheza, kisha zote.

Sijui kama meneja ataniita tena. Ila nilimwona nyuma ya kaunta, mabega yakimcheza.