Devota Hakuambiwa

Kimamba, Kilosa
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa kaka Gabrieli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Sumbawanga, wewe, wifi Gaudiosa na watoto. Kile kikohozi kimepoa? Wifi aliniambia mwezi wa nane kwamba ulikuwa unakohoa hadi unashindwa kulala. Sisi tupo. Baba Goodhope bado anaburuta ule mguu wake, lakini shamba tumeshalisafisha na tunasubiri mvua.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Nimekupigia mara mbili wiki hii, na kila ulipopokea nikajikuta nauliza habari za mvua na bei ya mahindi. Ninayotaka kukuambia yamenishinda kusema kwa mdomo. Ni habari za Devota, mtoto wa marehemu mdogo wetu Magdalena.

Unakumbuka Magdalena alipokwenda kukata miwa Ruhembe alimwacha mtoto kwa rafiki yake, Mama Aneth, mwenye mgahawa pale Mikumi. Baba wa mtoto alishafariki, na kambi ya wakata miwa si mahali pa kulelea binti. Magdalena alipofariki mwezi wa pili, mimi ndiye niliyempigia Mama Aneth amlete mtoto aje kumzika mama yake. Akasema mtoto ana homa, atamweleza mwenyewe taratibu. Tukaridhika. Tukazika bila yeye.

Sasa mwezi uliopita jirani yetu Abubakari, yule anayeendesha lori la mchele kutoka Ifakara, alisimama kula kwenye mgahawa ule. Kesho yake asubuhi akaja kwangu, hata kiti akakataa.

"Mama Goodhope," akasema, "kuna mtoto pale Mikumi amefanana na marehemu mdogo wako kama pacha. Anabeba ndoo kubwa kuliko yeye. Alipojua natokea upande wa Kidodi akaniuliza kama huwa napita Ruhembe. Akasema nikipita nimsalimie mama yake, nimwambie Devota ameshajua kupika wali."

Kaka, nilikaa chini pale pale mlangoni.

Siku ya pili yake nilipanda gari la Mikumi linalopita kijiji cha Ulaya. Nilimkuta nyuma ya mgahawa anasugua masufuria kwa majivu. Ana miaka kumi, lakini ukimwona utasema saba. Mikono imejaa makovu ya mafuta ya moto. Akanipa shikamoo, kisha akaniuliza kama nitakula wali au ugali. Hakunijua. Angenijuaje? Mara ya mwisho nilimwona akiwa na miaka mitano.

Mama Aneth alinikaribisha vizuri tu, akaniletea soda. Binti yake Aneth ndiyo kwanza alikuwa anarudi shule, sare safi, soksi nyeupe. Devota alisoma nusu ya darasa la kwanza, akatolewa. Nikamwuliza yule mama kwa nini hakumwambia mtoto kuhusu msiba. Hakuona aibu hata kidogo.

"Dada, ningemwambia angelia, kazi ingelala. Akimngoja mama yake anafanya kazi vizuri. Namwambia msimu wa miwa ukiisha atakuja." Kisha akaongeza, "Na nyie mngekuwa mnamtaka, mngekuja zamani."

La kwanza lilinikasirisha. La pili ndilo lililoniuma, kwa sababu hapo hakusema uongo.

Nilipomwambia namchukua akasema mtoto hatoki, nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Mwinshehe, naye akaja nami. Akamwita Devota, akamwuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, huyu ni dada wa mama yako. Unataka kwenda naye?"

Devota akasema, "Ananipeleka kwa mama?"

Mzee akanitazama. Nikasema, "Twende, mwanangu, nitakueleza njiani." Akaingia ndani mbio, akatoka na mfuko wa rambo wenye gauni moja na kanga. Kaka, alikuwa anacheka.

Tulisimama barabarani tukingoja gari. Lilipokuja na kondakta akaita "Kilosa, Kilosa," Devota akanishika nguo. "Mama mkubwa, Ruhembe si upande ule?" Akanyoosha kidole kule lami inakoelekea Ifakara.

Nikashindwa kupanda. Gari likatuacha. Nikamkalisha kwenye gogo, nikamwambia mama yake alifariki mwezi wa pili, aliugua siku nne, tulimzika huku Kimamba. Hakulia. Alinitazama mdomoni kama vile maneno bado yanatoka. Kisha akauliza, "Na salamu nilizokuwa natuma, nani alikuwa anazipokea?"

Tulikaa pale hadi gari la saa kumi.

Hii ni wiki ya tatu yuko nasi. Shule wamempokea darasa la pili, anakaa na watoto wa miaka saba na wala hawazidi kimo. Kila siku anaamka kabla yetu, nakuta uwanja umefagiliwa na mitungi imejaa. Nikimwambia apumzike anasimama mlangoni, hajui mikono aiweke wapi. Juzi alivunja kikombe, akatoka mwenyewe kukaa juani akisubiri kuchapwa. Baba Goodhope ndiye aliyekwenda kumwinua, akarudi ndani anafuta macho.

Jumapili iliyopita nilimpeleka kaburini. Akang'oa majani yote, taratibu, hadi mizizi. Halafu bila kuinua kichwa akaniuliza, "Nyie mlikuwa wapi?"

Nikamwambia mvua zilikata barabara na simu hazikuwa zinapatikana. Nilisema hivyo, kaka, mbele ya kaburi la Magdalena. Akaitikia, "Ndiyo, mama mkubwa," kwa sauti ile ile aliyokuwa anamwitikia Mama Aneth.

Ukweli unaujua. Siku ya matanga tulikaa mkekani, wewe ukasema nyumba yako ya kupanga ina vyumba viwili, mimi nikasema mume wangu mgonjwa, tukakubaliana kwamba mtoto ameshazoea Mikumi. Tulitumia muda mrefu zaidi kupanga chakula cha wageni.

Sikuombi kitu cha kumtunzia. Anakula tunachokula. Naomba uje Krismasi, hata mikono mitupu. Wewe ndiye mjomba wake na mkubwa wetu. Tukae naye, mimi na wewe, tumwambie tulivyoamua siku ile, tumwombe radhi. Anaweza kutukataa, na itabidi tupokee. Kule alidanganywa miezi minane ili asugue masufuria. Mimi nimemdanganya ili nisione aibu. Nikijaribu kutafuta tofauti, siipati.

Wifi Gaudiosa na watoto wapokee mapenzi yetu. Baba Goodhope anakupa pole ya kazi. Mungu awalinde nyumbani mwenu, na akufungulie njia ya kuja huku.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Hildegarda